SIMU, MINARA NA UZAZI WA MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Wengi wenu mmeuliza, tena kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi katika mambo ya namna hii, kama ni kweli kwamba simu ya mfukoni yaua uzazi wa mwanamume, na kama mnara uliosimamishwa juu ya paa la jengo la kazini waweza kumfanya mtu akose watoto. Si swali la kuchekwa. Kwetu sisi mtoto asipopatikana, hukumu humwangukia mke kwanza. Mke hurudishwa kwao, mahari hudaiwa, kumbe hakuna aliyempima mume. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na shida ya kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, madaktari hukuta kasoro upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Basi bwana anayejificha nyuma ya mkewe na asikilize vizuri leo.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Simu hutuma sauti kwa mawimbi ya redio, ndugu ya yale yanayotuletea habari kwenye redio ya nyumbani. Iko miali mingine, kama ile ya mashine ya eksirei, yenye nguvu ya kuvunja chembe za ndani ya mwili. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Kazi yake inayojulikana kwa hakika ni kutia joto mwilini yanapozidi. Sasa, joto na uzazi wa mwanamume ni maadui. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu mbegu zataka ubaridi, kiasi cha digrii 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ndipo watu wakauliza, nao walikuwa na haki ya kuuliza: simu ikikaa mfukoni kutwa, yafanya nini huko?

Mwaka 2023 wataalamu wa chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, walitangaza habari za vijana 2,886 wa umri wa miaka 18 hadi 22, waliopimwa kati ya mwaka 2005 na 2018 walipoitwa kukaguliwa kwa ajili ya jeshi. Vijana waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu kama milioni 44 katika kila mililita ya manii. Wale walioitumia mara moja kwa juma au chini ya hapo walikuwa na kama milioni 56. Msomaji akiishia hapo, atatupa simu yake mtoni. Lakini asome mbele. Walioweka simu mfukoni mwa suruali hawakuonekana kuwa na mbegu chache kuliko walioiweka mahali pengine. Tena tofauti ile ilikuwa kubwa katika miaka ya kwanza, ikapungua kadiri simu za namna mpya zilivyoingia, ambazo hutoa nguvu ndogo kuliko zile za zamani. Na mtu ashikaye simu kutwa huenda hapati usingizi, huenda hainuki kitini. Wataalamu walijaribu kuyaondoa baadhi ya mambo ya namna hiyo katika hesabu zao, lakini yote hayaondoki. Isitoshe, milioni 44 si utasa. Shirika la Afya Duniani huweka kipimo cha chini kuwa milioni 16.

Mwaka 2024 yalitolewa mapitio ya utafiti uliokwisha fanywa, yaliyoagizwa na Shirika hilo. Kwa upande wa watu, ushahidi ulionekana hafifu mno, hauwezi kuitia simu hatiani. Kwa upande wa wanyama wa maabara, madhara yalionekana, hata mimba kupungua pale madume walipowekwa mbele ya mawimbi, ingawa mengi ya majaribio hayo yalitumia nguvu kubwa kuliko ile impatayo mtu katika maisha ya kila siku.

Wako watakaosema: panya si mtu, funga mazungumzo. Hapo mimi siwafuati. Sababu yangu yatoka katika habari za wafanya kazi wenzetu wa Marekani.

Katika mji wa Lathrop, California, kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Occidental kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongoni, iitwayo DBCP. Mwaka 1961 watafiti wa makampuni yaliyoanzisha dawa hiyo walichapisha habari kwamba korodani za panya waliovuta mvuke wake zilisinyaa. Habari ikabaki vitabuni, na watu wakaendelea kuchanganya dawa. Ilipofika mwaka 1977, wanaume wa idara hiyo, katika mazungumzo yao tu, waligundua kwamba watoto walikuwa wamekoma kuzaliwa majumbani mwao. Hawakulaumu wake zao. Walikwenda kwenye chama chao, wakapimwa, na wengi wakaonekana mbegu zao ni chache sana au hazipo kabisa. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya dawa hiyo. Lakini ilikuwa imekwisha pelekwa kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, na vibarua wa huko wakahangaika na mahakama kwa miaka mingi wakidai fidia.

Kutoka kwa panya wa 1961 hadi kwa watu wa 1977 ni miaka 16. Katika miaka hiyo ya kunyamaza, kila siku mtu alipokea mshahara wake na kuacha uzazi wake kiwandani.

Simu si DBCP, na msitoke hapa mkisema nimesema hivyo. Kwa DBCP wanaume wachache wa idara moja walitosha kuonyesha ubaya. Simu inatumiwa na mabilioni ya watu, na balaa kama lile halijaonekana. Ninalosema ni kwamba anayestahili kuulizwa habari za hatari ni mwenye mtambo na mwenye vipimo, si mke wa mtu.

Nani basi awe wa kwanza kuuliza? Kwa maoni yangu si karani mwenye simu mfukoni. Ni fundi apandaye mnara. Vyombo vya juu ya mnara hurusha mawimbi mbele, kama tochi irushavyo mwanga. Aliye chini yake hupata kidogo. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Lakini anayesimama mbele ya chombo hicho, umbali wa mkono, yuko katikati ya mwanga wenyewe. Kamati ya kimataifa iitwayo ICNIRP imeweka mipaka: mfanya kazi aliyefundishwa asipate zaidi ya wati 0.4 kwa kila kilo ya mwili mzima, na raia wa kawaida asizidi wati 0.08, yaani sehemu moja ya tano. Mama mwenye mimba, hata akiwa fundi, ahesabiwe katika mpaka wa raia. Sasa yule kibarua anayepaka rangi paa lenye vyombo hivyo, yule anayetengeneza tangi la maji, yule askari wa usiku anayeota jua huko juu asubuhi, hao wamefundishwa na nani? Hakuna. Basi mpaka wao ni ule mdogo, na mwajiri hawezi kuwahesabu kuwa mafundi kwa sababu tu anawalipa.

Kabla ya mtu kupita mbele ya chombo hicho, kizimwe au kipunguzwe nguvu, na kisiwashwe mpaka ameshuka mwenyewe na kusema ameshuka. (Na mshipi wa kupandia usisahauliwe. Kuanguka hakungoji utafiti.)

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanya kazi ndani yake. Kifungu cha 14 chasema mfanya kazi akiona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe hapo mpaka hatari imeondolewa. Wengi hawajui, na mwajiri haoni haraka ya kuwajulisha.

Kwa simu zenu wenyewe: mtandao ukiwa dhaifu, simu hujikaza na kutoa nguvu zaidi, kwa hiyo mazungumzo marefu mahali pa namna hiyo fanyeni kwa waya wa masikioni, na simu iwe mbali na mwili. Vibandiko vinavyouzwa barabarani vya kuzuia miali msinunue. Tume ya Biashara ya Marekani imekwisha onya kwamba vizuizi vya namna hii havina kazi, na vinaweza kuifanya simu itoe nguvu zaidi.

Anayefanya kazi penye risasi ya betri, au penye dawa za kunyunyizia mimea, au mbele ya tanuri kutwa, huyo ana sababu kubwa zaidi ya kwenda kupimwa kuliko mwenye simu. Mbegu mpya huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Kwa hiyo akiondolewa kwenye hatari, apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Katibu wa tawi anazo karatasi mbili pale mezani. Moja ni ya majina ya wote wanaopanda minara au kufanya kazi kwenye mapaa yenye vyombo vya simu, hata vibarua wa siku moja. Ya pili ni barua ya kumtaka kila mwajiri mwenye mnara atuonyeshe vipimo vya mawimbi na jina la mtu mwenye amri ya kuuzima. Wajumbe wa kamati za usalama wabaki nyuma ili waigawane.

Sasa naomba maswali, na akina mama waanze.