Cheti cha Kidato cha Nne Mbele ya Mlango wa Chuo

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024 yalipotangazwa Januari 2025, habari iliyoshika vichwa vya magazeti ilikuwa ya furaha: zaidi ya asilimia 92 ya watahiniwa walikuwa wamefaulu. Ndani ya matokeo hayohayo, Hisabati ilifaulisha robo hivi ya waliofanya somo hilo. Takwimu zote mbili ni sahihi, wala hakuna aliyezipika. Zinakaa pamoja kwa sababu ya namna Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linavyohesabu. Masomo saba bora ya mtahiniwa hupewa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5. Jumla ikiangukia kati ya 26 na 33, mtahiniwa ana divisheni ya nne, na amefaulu. Ukipiga hesabu utaona kwamba D mbili na F tano zinatoa 33 kamili. C moja na F sita vilevile.

Sasa mwenye divisheni ya nne ya pointi 33 achukue cheti chake akaombe nafasi ya stashahada. Kwa kawaida, vyuo vilivyo chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. D nne ni pointi 31. Kwa hiyo yupo kijana anayepongezwa Januari, hata akachinjiwa kuku, na miezi michache baadaye akaambiwa dirishani kwamba sifa hana. Taasisi moja ya umma imemwambia amefaulu, nyingine inamrudisha nyumbani kwa cheti kilekile.

Mjadala wa mitihani nchini umezoea kugombea mipaka ya madaraja. Februari 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalionyesha watahiniwa sita katika kila kumi wamepata divisheni sifuri. Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na kabla Mei haijaisha matokeo yakapangwa upya. Mwaka 2014 ukaja mfumo wa wastani wa pointi, GPA. Januari 2016 divisheni zikarudi. Katika pandashuka zote hizo, kilichohamishwa ni mstari wa kukatia. Swali ambalo mkufunzi wa chuo angependa kuuliza, yaani kijana huyu anaweza kufanya nini, halikupata nafasi.

Mfano wa utabibu unalionyesha jambo hili vizuri. Anayetaka kusomea Stashahada ya Utabibu hutakiwa awe na angalau D katika Kemia, Biolojia na Fizikia, pamoja na somo jingine. Hisabati na Kiingereza hutajwa kama sifa ya nyongeza tu. D huanzia alama 30 katika 100, na alama hizo 30 zinaweza kukusanywa kwa maswali ya kuchagua, ya kuoanisha na ya kutaja maana, bila mtahiniwa kugusa hata swali moja la kukokotoa. Kisha anafika wodini kwa mafunzo ya vitendo. Mgonjwa anatakiwa apate lita moja ya dripu kwa saa 8, na mpira uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata kama matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo haivuki uwiano wa madarasa ya chini ya sekondari. Lakini hakuna herufi yoyote kwenye cheti inayomjulisha mkufunzi kama kijana huyu anaiweza, na mwenye F ya Hisabati amepita mlango uleule. Matokeo yake, chuo hulazimika kurudia somo ambalo sekondari ilikwisha kulilipia mwalimu, chaki na miaka minne.

Ni haki kusema kwamba mtihani huu haukutungwa kwa kazi hiyo. NECTA ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, nafasi za kidato cha tano zikiwa za kuhesabika, na kazi ya mtihani ikawa mchujo: nani abaki, nani aende. Juhudi za kuupa kazi nyingine zilikuwapo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka maendeleo ya mwanafunzi darasani na kazini yahesabiwe pamoja na mtihani, na anayekwenda chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza na kupendekezwa na mwajiri wake na chama tawala. Kipengele cha mapendekezo ya chama hakihitaji kufufuliwa na yeyote. Kile cha kumpima mtu kwa kazi yake ndicho kilichostahili kudumu.

Jambo la kushangaza ni kwamba taarifa zinazohitajika tayari zipo. Kila mwaka NECTA hutoa, kwa kila somo, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo kuna picha za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabovu, na kila mada imepakwa rangi: kijani kwa ufaulu wa asilimia 65 na zaidi, njano kuanzia 30 hadi 64, nyekundu chini ya hapo. Mwalimu akiufungua anajua taifa zima lilikwama wapi. Mwanafunzi mwenyewe, aliyeyaandika majibu hayo, anapewa herufi moja. Kama taifa linaweza kuonyeshwa mada kwa mada, hakuna sababu ya msingi ya kumnyima mtahiniwa karatasi ya namna hiyo, iambatane na cheti na isomwe na chuo anachoomba.

Kenya wanabanwa na kiatu hichohicho. Katika mtihani wao wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walifikia C+, kiwango cha kuingilia chuo kikuu. Wengine zaidi ya 700,000 huzungumziwa mitaani kama walioanguka, ingawa C- inatosha kwa stashahada. Mtihani mmoja umepimwa kwa mlango mmoja, na milango mingine imebaki ya faraja.

Kwa Tanzania, nafasi ya kurekebisha ipo karibu. Chini ya sera ya elimu, toleo la 2023, wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na watafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Hawa watapimwa pia stadi za fani zao. Fundi wa kuchomelea hawezi kupewa D kwa kutaja aina tatu za viungo; kiungo chake ama kinashika au hakishiki, na mtahini lazima awe karakanani kukiangalia. Hilo ni ghali. Linahitaji vyuma vya kuharibu, umeme usiokatika katikati ya mtihani, na watahini wanaoijua kazi yenyewe, na si kila shule yenye jina la amali ina karakana ya kuaminika.

Hata hivyo, mkondo wa jumla, ambako wanafunzi wengi wataendelea kuwapo, haupaswi kusubiri karakana. Unachohitaji kwanza ni watu. Wakufunzi wa vyuo vya afya, ufundi na kilimo wakae kwenye majopo ya kutunga mitihani, na kila kundi la vyuo liandike waziwazi mambo ambayo mwanafunzi wa muhula wa kwanza lazima ayaweze: kusoma grafu, kukokotoa uwiano, kuandika ripoti ya kurasa mbili kwa Kiingereza kinachoeleweka. Majaribio yanaweza kuanza na Hisabati na Kemia peke yake, kwa vyuo vya afya peke yake, na karatasi ya mada ikatolewa kwa miaka miwili bila kugusa divisheni hata moja. Baada ya hapo vyuo vilinganishe karatasi hizo na matokeo ya mwaka wa kwanza, vione kama D ya Kemia iliwahi kutabiri chochote.