Walimu Wapo, Darasa Halina Mwalimu

Habari umeshaisikia. Nafasi za ualimu serikalini 14,648, waombaji zaidi ya 200,000. Usaili wa walimu ulianza mikoani Januari 2025 chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kama hukuuona ukumbi uliofurika, ulisimuliwa na aliyekuwemo. Kinachotusumbua sisi wa redio hii ni jambo moja. Hao wote waliokwenda kusailiwa ni walimu. Si vijana wanaotamani ualimu. Ni walimu.

Mtu anaupataje ualimu wa shahada? Kwa miaka mitatu ya chuo kikuu, iwe Mlimani, iwe DUCE pale Chang'ombe, iwe Mkwawa kule Iringa, iwe Dodoma. Anasoma masomo yake mawili ya kufundishia, tuseme Kiswahili na Historia, na papo hapo anasoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia. Kisha anapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Huko anaandaa azimio la kazi. Anaandika andalio la somo. Anasimama mbele ya Kidato cha Pili, watoto wamebanana kwenye madawati, na nyuma kabisa ameketi mhadhiri kutoka chuoni na karatasi ya alama mkononi. Akikosea anaambiwa. Akishindwa hahitimu. Huo nao ni usaili, msikilizaji, na mtahini wake wa kweli ni watoto.

Sasa mhitimu huyohuyo anaitwa tena, akajibu maswali ya mchujo, baada ya kukaa nje ya ajira miaka saba au minane. Anashindanishwa na aliyemaliza juzi, ambaye madaftari yake ya chuo bado yako mezani. Huyu wa zamani amepoteza nini? Hajapoteza cheti. Amepoteza mazoea ya darasa, na hakuyapoteza kwa uvivu. Aliwekwa nje. Serikali inasema usaili unaondoa kujuana, na kujuana ni kilio cha siku nyingi, hatukipuuzi. Lakini haki ya mchujo haimrudishii mtu miaka aliyowekwa nje.

Na darasa halina mwalimu.

Wapo wasikilizaji wanaokumbuka mambo yalivyokuwa. Katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipofumuka nchi nzima, walimu walikuwa wachache hata vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi sana na kuingizwa darasani. Mtaani wakabatizwa Vodafasta. Taifa likasema hapana, tunataka walimu waliofundwa. Vyuo vikapanuliwa. DUCE na Mkwawa vilianzishwa 2005 kwa kazi hiyohiyo, kumtoa mwalimu mwenye shahada. Vijana wakaitikia. Bodi ya Mikopo ikawakopesha, kwa kuwa ualimu ulihesabiwa kuwa kipaumbele cha nchi. Siku hizo ukimaliza ulisubiri majina ya TAMISEMI, ukaliona jina lako na halmashauri uliyopangiwa, ukafunga mizigo. Mtu wa Tanga akajikuta Sumbawanga, akaenda.

Halafu mlango ukafungwa. Mwaka 2016 ajira zilisimama kupisha uhakiki wa watumishi, na zilipofunguliwa tena zilifunguliwa kidogo kidogo, walimu wa sayansi na hisabati mbele, wa sanaa nyuma. Na mwaka huohuo wa 2016 ada ya sekondari ya chini ilifutwa, jambo jema kabisa, na watoto wakamiminika shuleni. Yaani watoto waliongezeka huku walimu wakibaki mtaani. Taifa liliwaita, likawakopesha, likawafunda, likawaacha.

Walioachwa wanaishije? Waulize. Huyu anapiga tempo kwenye shule binafsi kwa malipo yasiyotosha nauli. Yule anajitolea kwenye shule ya kata, analipwa kwa michango ya wazazi, mwezi inapopatikana. Mwingine yuko kwenye bodaboda. Na wote deni la mkopo linawasubiri. Siku watakapoajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara. Na umri nao haungoji, kwa sababu ajira ya kwanza serikalini ina ukomo wa miaka 45.

Na darasa halina mwalimu. Tunarudia kwa sababu linasahaulika. Kila mtu anawazungumzia waombaji, na ni sawa, wana haki ya kuzungumziwa. Nani anamzungumzia mtoto wa Kidato cha Tatu ambaye Fizikia anaiona kwenye ratiba tu? Mtoto huyo hana nafasi ya kusubiri awamu ijayo ya ajira.

Mliopewa dhamana ya utumishi na elimu, tunawaomba, na tunawaomba kwa nguvu: alama za mazoezi ya kufundisha zihesabiwe kwenye usaili. Miaka ya kujitolea ihesabiwe, kwa barua ya mkuu wa shule. Waliohitimu miaka ya nyuma watengewe nafasi zao, wasishindanishwe na wadogo zao. Wabunge, bajeti huja kila Juni. Msiipitishe mkiwa kimya kuhusu walimu. Wazazi, nendeni shuleni kwa watoto wenu wiki hii, ulizeni ni masomo gani hayana mwalimu, andikeni, mpelekeeni diwani. Nanyi walimu mliosailiwa, msiamini kwamba hamtoshi. Mlishafuzu.

Nafasi 14,648 hazikutosha. Ziongezwe, na ziongezwe mwaka huu.