Dutu, Mchanganyiko na Kitu Kilichoundwa: Mipaka ya Sheria za Kemikali Katika Nyanda za Kasulu na Kibondo

Sheria za kemikali hugawa vitu katika makundi matatu: dutu, yaani kemikali moja pamoja na masalia yasiyoepukika ya utengenezaji wake, mchanganyiko, yaani dutu mbili au zaidi zilizowekwa pamoja kwa makusudi, na kitu kilichoundwa, ambacho kazi yake hutokana zaidi na umbo lake kuliko kemikali zilizomo. Mgawanyo huu, uliofafanuliwa kwa kina katika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 iitwayo REACH, ndio unaoamua nani atoe taarifa za hatari, na kwa nani.

Chumvi inayochemshwa kutokana na maji ya chemchemi za Uvinza, kusini mwa Kasulu, ni dutu hata ikiwa na chembe za madini mengine, kwa kuwa chembe hizo zimetoka chemchemini wala hazikutiwa na mtu. Ila ikishaongezwa madini joto, yaani iodini, inakuwa mchanganyiko.

Ugumu wenyewe uko kwenye chandarua. Vyandarua vya Olyset, vilivyoanza kutengenezwa Arusha mwaka 2003, vina permethrini kiasi cha asilimia 2 ndani ya nyuzi zenyewe, na dawa hiyo hujitokeza juu ya uzi kidogo kidogo kwa miaka. Matundu yake humzuia mbu na dawa humuua, hivyo si rahisi kusema kama kinachomlinda mtoto aliyelala katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nduta ni umbo au ni kemikali. Shirika la Afya Duniani hukipima kama dawa ya kudhibiti mbu, na hilo ni sahihi, kwani chandarua kilichochakaa, kinapogeuzwa uzio wa bustani ya mchicha, huenda na dawa iliyobaki.

Kwa betri ya sola ya madini ya risasi na tindikali kipimo ni kingine: je, kimiminika kikitolewa chomboni, chenyewe kitaendelea na kazi yake? Chupa ya kiuatilifu ni kifungashio tu cha mchanganyiko, kwani dawa hufanya kazi nje yake, lakini tindikali nje ya betri haiwezi kutoa umeme, kwa hiyo betri yote huhesabiwa kitu kilichoundwa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa uainishaji na uwekaji lebo, uliochapishwa mwaka 2003, sawa na mwaka wa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya Tanzania, unahusu dutu na michanganyiko, nao kwa kawaida huviacha vitu vilivyoundwa. Pengo hilo huonekana betri inapokufa. Fundi anapoipasua ili apate risasi, huifanya kuwa dutu na mchanganyiko upya bila kiwanda wala mkaguzi: risasi huingia moto wa mkaa, tindikali humiminwa katika dumu lililokuwa la mafuta ya kula, na alama ya hatari hubaki kwenye ganda lililotupwa.