Motakaa ya Mbio Iendapo Pole



Leo napenda kusema nanyi habari ya motakaa ya mbio iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla ya kufika mkononi mwako. Wazee walinena, Mwenda pole hajikwai. Lakini motakaa ya namna hii huigeuza methali: ikienda mbio ni kama mshale, ikienda pole hujikwaa.

Na tutwae mfano wa Toyota Altezza, ambayo wengi wenu mwaijua. Iliuzwa Japani tangu mwaka 1998 hata mwaka 2005, nayo imeletwa kwetu kwa wingi kupitia bandari ya Dar es Salaam. Basi hata iliyo changa kati ya hizo umri wake ni yapata miaka 20. Kijana wa Kikuyu, hapa Dodoma, huinunua kwa akiba yake, akafurahi aionapo ikipaa katika barabara kuu. Lakini afikapo njia panda, injini hutetemeka, mshale wa mizunguko hupanda na kushuka, pengine injini huzima kabisa. Akipita matuta, mgongo humwuma. Hapo hutokea mshauri akamwambia abadili injini nzima, au aiuze kwa hasara. Neno langu kwenu ni hili: kabla hamjanunua kitu kikubwa, vitazameni vilivyo vidogo, kimoja baada ya kimoja.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya anasa tu. Atokaye Dar es Salaam kuja Dodoma hupita Gairo, Kibaigwa na Mbande, na penye makazi ya watu sheria yamtaka asizidi kilometa 50 kwa saa. Mwendo wa pole ni sehemu kubwa ya safari yake. Tena injini izimapo katikati ya njia panda, usukani huwa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara chache huwa ngumu. Ikiwa lori laja, hilo si jambo la mchezo.

Kwanza, itazameni njia ya hewa. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Lakini injini yenye kompyuta huipima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Kwa hiyo mwinuko hauwi udhuru. Adui yetu ni vumbi na uzee wa mipira. Injini isimamapo bila kukanyagiwa mafuta, mwendo ambao mafundi huuita sailensi, huhitaji hewa kidogo sana. Mpira ukiwa na ufa, huingia hewa ambayo haikupimwa. Katika mwendo wa mbio hewa hiyo ni tone baharini. Katika sailensi yatosha kuharibu hesabu yote ya kompyuta. Ndiyo sababu ugonjwa huonekana motakaa iendapo pole, na kujificha iendapo mbio. Sikilizeni mluzi mwembamba kando ya injini, mkaikague mipira yote. Wala msirushe petroli juu ya injini ili kuutafuta ufa, kama wafanyavyo wengine, kwa maana ni kuutafuta moto.

Kisha kitazameni kijilango kipitishacho hewa. Masizi hujikusanya ukingoni mwake. Kisafisheni kwa dawa yake na kitambaa laini, injini ikiwa imezimwa, wala msikilazimishe kwa nguvu kikiwa ni cha umeme. Baada ya kusafishwa, sailensi yaweza kuwa juu kidogo mpaka kompyuta ijifunze upya. Na wale waliotoa sanduku la chujio wakaweka chujio wazi ili injini ingurume, walirudishe sanduku la asili. Chujio wazi huvuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti, na katika foleni moto huo huzidi.

Pili, yatazameni maji. Mafundi wengi wana desturi ya kuitoa themostati, kwa kuogopa injini isichemke. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Katika injini nyingi za Toyota huanza kufunguka yapata digrii 82. Ikitolewa, injini hukawia kupata moto. Kompyuta hudhani kwamba ni baridi ya alfajiri, ikazidisha petroli. Mwenye motakaa hulalamika kwamba inakula mafuta, asijue kwamba aliinunua njaa hiyo kwa mkono wake. Ikiwa injini yachemka, itafuteni sababu yake: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, au kifuniko kilicholegea. Kisha irudisheni themostati mahali pake.

Tatu, cheche na mitikisiko. Plagi zilizochakaa na koili dhaifu hufanya injini iruke mapigo. Lakini ikiwa motakaa ya gia za kujiendesha hutetemeka ukiwa kwenye D huku umekanyaga breki, na kutulia ukiitoa gia, yashukuni kwanza mafundo ya mpira yanayoishikilia injini. Raba yake ikifa, tetemeko lote huingia katika bodi. Na ikiwa mwenyewe wa kwanza aliweka mafundo magumu ya mashindano, au alitoa masega katika bomba la moshi, kelele na mitikisiko hazitaisha mpaka vitu vya asili virudi. Moshi ukinusika ndani, msikawie: hewa yake yaua bila onyo.

Kupima kwa kompyuta kwafaa, ila kompyuta haimtaji mwenye hatia. Huonyesha mahali pa kuanzia tu.

Sasa tuje kwenye raha ya mwili. Tairi yenye alama 215/45 ina ubavu ambao kimo chake ni asilimia 45 tu ya upana wake, yaani chini ya sentimeta 10. Mto huo ni mwembamba kwa mashimo yetu. Rimu ndogo kidogo, yenye nafasi ya kutosha kwa breki, na tairi yenye ubavu mrefu, huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Jazeni upepo kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango, wala si kwa kukisia. Springi zilizokatwa ili motakaa ilale chini zitupwe, zirudi za kiwandani. Kisha zikaguliwe bushi na shokapu. Mtu yeyote asiingie chini ya motakaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Mwisho, kiti: sponji iliyobonyea hujazwa upya na fundi wa viti kwa siku moja.

Wala asiseme mtu kwamba motakaa ya mbio haiiwezi nchi yetu. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973, katika njia za vumbi na matope. Ilikuwa imeimarishwa kwa ajili ya njia hizo. Haikulazwa chini ili ipendeze macho.

Basi shikeni daftari. Rekebisheni jambo moja, endesheni siku mbili tatu, andikeni kilichobadilika, ndipo mgeukie jingine. Abadilishaye vitu vitano kwa siku moja hajui ni kipi kilichomponya, wala ni kipi kilichomla fedha bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mpira mmoja umekwisha kuwauzisha watu injini nzima.