Matengenezo ya Sivi-Jointi za Magari ya Vyama



Gari linalopakia mbolea Mwanjelwa, likafika Uyole na kuanza kupanda kuelekea Isyonje, huvutwa na chuma kisichoonekana na abiria. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, chuma hicho ni kiungo ambacho mafundi hukiita sivi-jointi. Kazi yake ni kulizungusha gurudumu kwa mwendo ulio sawa hata linapokatishwa kona. Muundo wake wa gololi sita ulibuniwa katika miaka ya 1920 na mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani.

Adui wa kiungo hiki ni mpira uliopasuka. Mpira huo huhifadhi grisi ndani na kuzuia vumbi na tope nje. Ukipasuka, grisi hurushwa na mzunguko, mchanga huingia, na gololi husaga njia zake. Ndipo husikika mlio wa ta-ta-ta gari linapokata kona. Kiungo kikivunjika mlimani, gari hupoteza nguvu ya kupanda, wala gia haiwezi tena kulizuia lisirudi nyuma.

Je, kiungo hiki chaweza kutengenezwa nyumbani? Chaweza, iwapo hakijalika. Gari liwekwe juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe. Ekseli ikishatolewa, sehemu zote zitiwe alama kabla ya kutenganishwa. Kizimba kinachoshika gololi huinamishwa, nazo gololi hutolewa moja moja, kila moja ikikumbukwa mahali pake. Vyote vioshwe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha vikaushwe kabisa.

Hapo ndipo uamuzi hufanywa. Gololi zikiwa laini, na njia zake hazina vishimo wala mikwaruzo ya kukwama kucha, kiungo kirudishwe kwa grisi nyeusi yenye molibdenamu, mpira mpya na klampu mpya. Grisi ya kawaida ya chasisi isitumike. Lakini vishimo vikionekana, au kizimba kikiwa na ufa, hakuna grisi itakayorudisha chuma kilichokwisha lika. Kiungo kizima kibadilishwe. Nati ya gurudumu ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, na pini yake iwe mpya.

Ndugu makatibu, mpira ni bei ndogo. Kiungo ni bei kubwa. Mbolea iliyochelewa kufika shambani ni hasara isiyorudi. Fedha zote hizo hutoka katika jasho la mkulima. Kwa hiyo daftari la gari liwe na safu moja ya ukaguzi wa mipira. Dereva aikague kila wiki, na katibu atie sahihi baada ya kuitazama kwa macho yake mwenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.