Subira ya Mtoto na Ahadi ya Mzazi

Somo lililotolewa na Mwalimu wa Shule ya Jumapili mbele ya wazazi, walezi na wageni wa Dayosisi, katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika



Naishukuru Kamati ya Jubilei kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya namna ya kuwafundisha watoto wetu wadogo subira katika njia ya Kikristo. Nilipopewa somo hili nililiona jepesi, maana kwa miaka mingi nimekaa na watoto wa Shule ya Jumapili, na nadhani neno “subiri” nimelitamka mbele yao mara nyingi kuliko neno “Amina”. Lakini nilipoketi kuliandaa nikagundua kwamba kulitamka neno hilo ni jambo moja, na kulifundisha ni jambo jingine kabisa.

Niruhusuni nianze kwa kuungama. Mwaka mmoja niliwaahidi watoto wa darasa langu kwamba wangeimba katika Sikukuu ya Mavuno. Walifanya mazoezi kwa majuma kadhaa. Siku yenyewe walifika mapema, nguo zimepigwa pasi, wakakaa kwenye benchi la mbele. Ibada ikarefuka, mazao yalikuwa mengi, na mnada ulikuwa unasubiri. Nilipoulizwa kama watoto waimbe, nilijibu mimi mwenyewe: “Waache, wataimba Jumapili ijayo.” Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekwisha kusahau.

Baada ya majuma machache nilikuwa nikiwagawia ndizi mbivu. Nikawaambia wakae kwenye mstari, kila mmoja atapata. Mtoto wa miaka kama mitano akapenya, akatia mkono kikapuni. Nikamkemea. Akaniangalia bila hofu, akasema: “Mwalimu, ukisema baadaye, huwa haiji.”

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mtoto yule alikuwa na uwezo wa kusubiri. Aliusubiri wimbo wake asubuhi nzima bila kulia. Kilichokuwa kimeondoka ni sababu ya kusubiri, na aliyeiondoa ni mimi. Tangu siku ile nimeamini jambo moja ambalo ndilo kiini cha somo langu: mtoto huwa na subira anapomwamini yule anayemwambia asubiri. Wahenga walisema subira yavuta heri. Wao hao walisema pia kwamba ahadi ni deni. Sisi wazazi tumependa kuwafundisha watoto methali ya kwanza, huku ya pili tukiiacha bila kuilipa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwapa watoto wadogo uchaguzi: kula kitu kitamu kimoja sasa, au kusubiri upate viwili. Watu wengi walifikiri kwamba anayeshindwa kusubiri ni mtoto dhaifu wa nia. Lakini mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Celeste Kidd na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester, huko huko Marekani. Walichukua watoto 28 wenye umri wa kati ya miaka 3 na 5. Nusu yao waliahidiwa kalamu nzuri za rangi na vibandiko vya picha, wakaletewa. Nusu nyingine waliahidiwa vivyo hivyo, lakini mtu mzima akarudi mikono mitupu. Kisha wote wakapewa pipi na kuambiwa wasubiri ili wapate ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3 tu. Niliposoma habari hiyo, nilimkumbuka mtoto wangu wa ndizi.

Hata hivyo, washarika wapendwa, Maandiko yalitangulia kutuonyesha hayo. Abrahamu alikuwa na umri wa miaka 75 alipotoka Harani (Mwanzo 12:4), naye alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa (Mwanzo 21:5). Miaka 25 ya kungoja! Nguvu yake haikutoka katika tabia yake, maana twajua kwamba yeye na Sara walichoka, wakatafuta njia ya mkato, hata wakacheka. Nguvu ilikuwa katika Yule aliyeahidi. Vivyo hivyo mzee Simeoni aliweza kungoja kwa kuwa alihakikishiwa kwamba hatafariki kabla ya kumwona Masihi (Luka 2:25-32). Tena Mtume Paulo anapolitaja tunda la Roho katika Wagalatia 5:22, uvumilivu na uaminifu vimo katika tunda hilo hilo moja. Hatuwezi kumdai mtoto uvumilivu huku sisi tukimnyima uaminifu.

Kanisa letu la Kiluteri lina urithi mzuri katika jambo hili. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliielekeza pia kwa wenye nyumba, ili mafundisho ya imani yaanzie mezani na kitandani kabla hayajafika darasani. Na katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alianzisha mwaka 1833 makao ya watoto maskini. Kila yalipokaribia majira ya Krismasi, watoto walimsumbua kila siku kwa swali lile lile: bado siku ngapi? Wichern angeweza kuwaambia wanyamaze. Badala yake, mwaka 1839 alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili za Majilio. Kila siku mshumaa mmoja uliongezwa kuwashwa. Watoto wakauona muda ukisogea, na nuru ikiongezeka kadiri Krismasi ilivyokaribia. Shada la Majilio linalowashwa leo katika makanisa mengi lilitokana na swali la watoto wasio na subira na mtu mzima aliyekubali kulijibu.

Kutokana na hayo napenda kutoa mashauri manne kwa wazazi na walezi.

Kwanza, tumpe mtoto muda anaoweza kuuona. Mtoto wa miaka minne hajui “baadaye” ni nini, wala “juma lijalo”. Mwambie: “nikimaliza kuosha vyombo hivi,” au “tukitoka kanisani.” Wakati wa Majilio, weka mishumaa minne kwenye sahani ya mchanga, uwashe mmoja Jumapili ya kwanza, miwili ya pili, hata ifike minne. Hakuna gharama kubwa hapo.

Pili, tuahidi machache na tuyatimize. Ni afadhali kusema “hapana” kwa upole kuliko kusema “kesho” kwa ajili ya kumnyamazisha. Na tukishindwa kutimiza, tumwombe mtoto radhi kwa kinywa chetu. Mzazi hapungukiwi heshima kwa kufanya hivyo. Mimi niliwaomba radhi watoto wale mbele ya darasa, na waliimba Jumapili iliyofuata.

Tatu, tumfundishe kungoja kwa mikono. Pandeni naye punje tatu za maharage katika kopo lenye udongo. Atatamani kufukua kila asubuhi aone kama yameota. Mwache afukue moja, naye ataona kwamba kufukua hakuharakishi. Nyingine zitachomoza kwa siku zake. Kisha msimulie habari za mkulima ambaye Yakobo anamtaja katika 5:7, angojaye mvua ya mwanzo na ya mwisho. Ataielewa kwa sababu amekwisha kuiona kwenye kopo lake.

Nne, tuvumiliane nao. Mtoto anayemwaga uji, anayeuliza swali mara kumi, anayechelewa kufunga kamba za viatu tunapokimbilia ibada, huyo ndiye anayetusomesha sisi. Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4). Hatuwezi kumfundisha mtoto subira kwa fimbo ya haraka.

Sasa nina onyo moja, na naomba lisikike vema. Subira tunayoifundisha haimaanishi kunyamazia uovu. Mtoto mwenye njaa, mtoto anayeumwa, mtoto anayeumizwa na mtu mzima, hata awe ndugu au mwalimu, asiambiwe kamwe “vumilia, Yesu naye alivumilia.” Maneno hayo yamewafungia watoto wengi katika mateso. Zaburi ya 13 inamwuliza Mungu mara nne mateso yataendelea hadi lini, na Mungu hakukemea kilio hicho. Kimo ndani ya Biblia yetu. Wafundisheni watoto kwamba kwa mambo kama hayo waseme upesi, na wakisema tuwasikilize upesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Kwetu sisi tuliowaleta watoto hao mbele ya madhabahu hii wabatizwe, tukatoa ahadi kwa ajili yao, hilo ni deni la pili juu ya lile la kwanza.

Ndugu wapendwa, tunamshukuru Mungu kwa miaka 100. Ametuvumilia karne nzima, wala ahadi yake kwetu haijachakaa. Watoto wetu hawajamwona Mungu huyo. Kipimo cha kwanza walicho nacho cha kujua kama neno lake ni la kutegemewa ni neno la baba, la mama, la bibi, la mwalimu wao.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi dogo. Katika ratiba ya ibada ya Jubilei Jumapili hii, watoto wamepangiwa wimbo mmoja, nao wamekwisha kuambiwa. Ibada yaweza kurefuka, salamu za wageni zaweza kuwa nyingi. Ikilazimu kupunguza jambo, nawasihi viongozi wetu, tusipunguze hapo. Watakuwa wamekaa benchi la mbele tangu asubuhi, wakisubiri.

Mungu awabariki sana. Amina.