Kuku wa Kienyeji na Muziki wa Laivu: Jinsi Kiswahili Kinavyovipa Majina Vitu Vilivyotangulia



Nilipoombwa mada, niliahidi kuzungumzia uundaji wa istilahi. Mada hiyo nimeishikilia, lakini nitaipitishia mlango ambao huenda hamkuutarajia, yaani mlango wa ukumbi wa dansi. Aidha, nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani hoja yote ya leo imezaliwa na kosa hilo.

1. Bango la mpwa wangu

Mimi ni mtoto wa Kilangala, upande wa Lindi. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na kwa sababu hiyo mjomba hana nafasi ya kukataa ombi la mpwa wake. Siku moja mpwa wangu alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Njema. Mjomba, lile jengo la disko la zamani tumelikodi. Tunalifungua upya, lakini disko basi. Kila Jumamosi ni bendi, magitaa na ngoma, watu wanapiga wenyewe. Wenzangu wanataka tuandike nje kwa Kiingereza. Mimi nimekataa, nikawaambia ninaye mjomba profesa. Muziki wa laivu tuuiteje?"

Ndugu zangu, nani kati yetu asingefurahi kuulizwa hivyo? Nilijibu papo hapo, bila kufikiri mara mbili: "Andikeni Muziki Mubashara." Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na lina maana ya "moja kwa moja". Limezoeleka redioni na kwenye televisheni, tena lina mlio mzuri. Bango likachorwa.

Siku ya ufunguzi watu walifika mlangoni na kuuliza, "Leo ni mechi gani?" Wao wanalijua neno mubashara kutokana na mpira: mchezo unachezwa Dar es Salaam au Ulaya, nao wanautazama kwenye skrini wakati huohuo. Walipoingia wakakosa skrini, wengi wakageuka. Bendi ikapiga mbele ya viti vitupu. Mpwa wangu hakunilaumu, ila aliniambia hasara aliyopata, nami najua fedha ile alivyoipata kwa shida.

Hapo ndipo nilipojiuliza: kosa lilikuwa wapi? Neno halikuwa baya. Lilikuwa Kiswahili fasaha, na linaeleweka na kila mtu. Kwa hakika, lilieleweka mno, ila kwa maana nyingine.

2. Majina yanayozaliwa baadaye

Hapana budi tutazame kwanza kundi maalumu la majina. Bibi zetu walifuga kuku. Hawakufuga "kuku wa kienyeji". Kuku alikuwa kuku tu, mpaka alipokuja kuku wa kisasa, ndipo yule wa asili alipolazimika kupewa sifa ya kumtambulisha. Vivyo hivyo simu. Ilipokuwa ya waya peke yake iliitwa simu, na asili ya neno hilo katika Kiajemi ni waya wenyewe. Ilipokuja simu ya mkononi, ile ya kwanza ikawa "simu ya mezani". Kitu hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jirani yake.

Majina ya namna hii nitayaita majina ya baadaye: kitu kimetangulia, jina limefuata. "Muziki wa laivu" ni la kundi hilo. Kabla ya santuri na redio hapakuwa na muziki mwingine wa kuutenganisha na ule wa mtu anayepiga mbele yako. Waingereza nao walihitaji kuupa sifa hiyo baada tu ya mashine za kurekodia na kutangazia kuenea. Kwa hiyo, tunapotafuta Kiswahili cha "laivu", tunatafuta jina la kuku wa kienyeji katika muziki.

Lugha yetu ilikwisha kukutana na mashine hizo zamani. Neno kinanda lilikuwa jina la ala ya nyuzi inayopigwa kwa vidole; baadaye likahamia pia kwenye mashine ya kupigia santuri. Mpigaji akaondoka, jina la ala likabaki. Neno disko nalo limetoka Ulaya. Asili yake ni jina la mahali panapohifadhiwa sahani za muziki, na katika Kiswahili likawa jina la mahali, la muziki wenyewe na la shughuli ya usiku ule. Wanafunzi waliomo humu wanalo pia kitenzi kudisko, ambacho hakihusiani na muziki, nami nawaombea wasikifahamu kwa vitendo.

3. Klabu, kilabu na kumbi

Lipo somo jingine katika majina ya mahali. Neno klabu lilipoingia, midomo yetu iliongeza irabu, likawa kilabu. Ki- ya mwanzo ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vilabu, kama kitabu na vitabu. Lakini maana ziligawanyika: katika sehemu nyingi za nchi kilabu ni mahali panapouzwa pombe za kienyeji, ilhali klabu ya usiku ni ya taa za rangi na kiingilio. Irabu moja imebeba tofauti ya tabaka.

Waandishi wa magazeti wakatafuta neno la heshima zaidi, wakapata "kumbi za starehe". Katika Kiswahili Sanifu halina ila: ukumbi ni umoja, kumbi ni wingi. Lakini mlifikishe neno hilo Kilangala kwa mzee wa makamo ya mjomba wangu. Yeye akisikia kumbi, anasikia jando, mahali wanapowekwa wavulana kutahiriwa na kufundwa. Nilipomsomea maneno kumbi za starehe alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Starehe gani mtu huipata kumbini?"

4. Ukumbi unapofungwa, nini hubaki?

Mjomba huyu, kaka wa mama yangu, alifanya kazi bandarini Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Wakati huo bendi nyingi zilibeba majina ya kwao. Ilikuwapo Western Jazz, na kwa watu wa pwani ya Kusini ilikuwapo Kilwa Jazz, iliyoanzishwa na Ahmed Kipande mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa mtu wa Kilangala aliye mbali na mama yake, jina lile mlangoni lilikuwa kama kuitwa nyumbani.

Baadaye vyombo vya muziki, ambavyo bei yake ilikuwa kubwa, vikawa mali ya jumuiya na mashirika. Jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, ilianzisha bendi yake mwaka 1964. Jumuiya ilipobadilika kuwa JUWATA, na kisha OTTU, bendi nayo ilibadili jina kila mara. Mwishowe majina ya wenye mali yaliondoka, likabaki lile walilolipenda wapenzi: Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park, iliyopata jina kutokana na baa jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Lakini mashabiki wake wanaiita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo, na kuongeza "Ngoma ya Ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika bendi zote hizi mbili.

Tulinganishe na London. Mtaani Camden lipo jumba lililofunguliwa mwaka 1900 likiwa la michezo ya kuigiza. Limepata kuwa sinema, na baada ya Vita Kuu ya Pili likatumiwa na redio ya BBC. Mwaka 1977 likawa la muziki wa bendi, mwaka 1982 likawa klabu ya usiku kwa jina la Camden Palace, na mwaka 2004 likafunguliwa upya kwa jina la KOKO. Liliungua paa mwezi Januari 2020 likiwa katika matengenezo, likafunguliwa tena mwaka 2022. Huko jumba limedumu, majina yamepita. Kwetu mambo ni kinyume: majengo hupita, wenye mali hupita, na kinachodumu ni neno. Na neno lililodumu katika mifano yote miwili niliyoitaja ni lilelile: ngoma.

Hili si jambo la bahati. Bendi zile zilikuwa na magitaa ya umeme, matarumbeta na vipaza sauti. Hata hivyo watu waliziita ngoma, kwa sababu walitambua ndani yake kile kinachoifanya ngoma kuwa ngoma: wapigaji wapo, wachezaji wapo, na kila upande unamwona mwenzake. Mpigaji akiona wachezaji wamechoka, hupunguza. Akiona wamepamba moto, huingia kwenye chemko, sehemu ile ya wimbo inayokwenda kasi, na huirefusha kadiri wanavyotaka. Sahani ya santuri haina macho.

Je, tungeandika "ngoma" kwenye bango? Nami niliwaza hivyo. Lakini mpwa wangu alinikumbusha kwamba kwa vijana wa leo ngoma ni wimbo wowote mpya uliorekodiwa: "msanii ametoa ngoma". Neno lililokuwa ngome ya muziki wa ana kwa ana limehamia studio. Hatuwezi kulirudisha kwa amri.

5. Jibu la mzee

Basi nilikwenda Kilangala, nikamweleza mjomba habari nzima. Alicheka sana, kisha akasema, "Sasa na wewe, profesa, neno la nini? Sisi tulikuwa tukiona ubao umeandikwa Leo Bendi Inapiga, tunalipa tunaingia. Nani alikuuliza kama ni ya kweli?"

Ndugu Mwenyekiti, sentensi hiyo ya maneno matatu ilinirudisha darasani. Nilikuwa nikitafuta kivumishi, kumbe lugha ilikwisha kuifanya kazi hiyo kwa kitenzi. Chunguzeni sarufi. Tunasema "disko linapigwa" au "leo kuna disko". Hatusemi "disko linapiga". Lakini "bendi inapiga" ni sentensi kamili, haidai yambwa. Katika sentensi ya kwanza muziki ni kitendwa na mtenda hayupo. Katika ya pili mtenda ndiye kiima, naye yupo mbele yako. Mtaniuliza: je, hatusemi "redio inapiga muziki"? Tunasema. Lakini ukiishia "redio inapiga", msikilizaji atauliza, "inapiga nini?" Hakuna anayeuliza bendi inapiga nini.

Kwa hiyo, uhai tunaoutafuta katika neno laivu, Kiswahili huuonyesha kwa kumtaja mtenda na kumpa nafasi ya kiima. Mpwa wangu alifuta bango na kuandika: LEO BENDI INAPIGA. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyeuliza habari za mechi. Sidai kwamba ukumbi ulijaa. Nadai tu kwamba walioingia walijua wanachoingilia.

6. Hitimisho

Sikusudii kusema kwamba tusiunde istilahi. Taifa linahitaji istilahi, na Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 kwa sababu nzuri. Wala sidharau neno mubashara, ambalo kwa matangazo ni neno stahiki. Ninachosema ni hiki: tunapokutana na jina la baadaye, tusikimbilie kutafsiri sifa mpya. Tuulize kwanza watu walisemaje kabla sifa hiyo haijahitajika. Mara nyingi jibu halimo katika orodha ya nomino. Limo katika kitenzi, katika kiambishi, au katika desturi ya kuandika ubao.

Na jibu hilo limo vichwani mwa watu wenye umri. Wapiga gitaa la rizimu, wapiga tumba, walinzi wa milangoni na wachezaji wa miaka ile wanayo msamiati ambao kamusi zetu hazijaumaliza kuukusanya. Nawasihi wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu: mwende kwao na daftari mapema. Ukumbi uliofungwa unaweza kufunguliwa tena, hata baada ya kuungua paa. Mzee akiondoka na maneno yake, hakuna wa kuyapiga upya.

Mjomba aliniuliza wakati wa kuagana kama chuoni wananilipa kwa kazi ya maneno. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi na mimi unanidai au nakudai?" Jibu mnalijua. Deni hilo nimelileta mbele yenu leo, ili tulilipe pamoja.